UZI: Doa jeupe hutangulia tundu. Namna ya kuitambua enameli inapoanza kuharibika, na kujua nani anaiharibu

#1 Gego la Sita

Wakuu, habari za muda huu.

Humu ndani kila baada ya siku mbili anakuja mtu analia jino limetoboka ghafla. Wakuu, jino halitoboki ghafla. Tangu uharibifu uanze mpaka siku ulimi unapoingia kwenye tundu hupita miezi, mara nyingi miaka, na muda wote huo jino lina dalili ambazo mwenye nalo hakufundishwa kuziangalia. Mimi natibu meno, ndiyo kazi inayonilisha. Uzi huu nauweka kwa ajili ya kipindi hicho cha kabla ya tundu, maana ndicho pekee ambacho jino linaweza kupona bila kuchimbwa.

Enameli ni lile ganda gumu la nje la jino. Kwa uzito, kama asilimia 96 yake ni madini, fuwele za kalsiamu na fosfeti zilizopangana kwa kubanana. Kilichobaki ni maji na protini kidogo. Mwilini hakuna kigumu kuizidi, hata mfupa hauifikii. Kwenye ncha za magego unene wake unafika milimita 2.5 hivi, lakini ikishuka kuelekea kwenye fizi inapungua mpaka inaisha. Ubaya wake ni mmoja: seli zilizoitengeneza hupotea jino linapochomoza. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikichanika inafunga, enameli ikimomonyoka hairudi. Ila ile iliyopoteza madini ikiwa bado imesimama, haijabomoka, hiyo inaweza kurudishiwa madini. Tofauti hiyo muishike vizuri, sitaacha kuirudia.

Adui mkubwa ni asidi. pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali, ikishuka chini ya 5.5 hivi, fuwele zinaanza kuyeyuka. Asidi yenyewe ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni bakteria walioko kwenye ukoga: wanakula sukari na wanga, wanatoa asidi palepale walipong'ang'ania. Huko ndiko kuoza. Mlango wa pili ni asidi inayoingia yenyewe bila bakteria, ama kutoka kwenye glasi ama kutoka tumboni. Huo ni mmomonyoko. Mtaani vyote vinaitwa meno mabovu, lakini havifanani kwa macho na havitibiwi kwa njia moja.

Miaka ya 1940 mtafiti Mmarekani, Robert Stephan, alipima ukoga wa watu kabla na baada ya kusukutua kwa maji ya glukosi. Ndani ya dakika chache pH ilianguka, kisha ikachukua kama nusu saa hadi saa nzima kupanda tena. Kinachoipandisha ni mate. Yana bikaboneti ya kuituliza asidi, na yana kalsiamu na fosfeti za kujazia palipoliwa. Kwa hiyo kila siku jino lako linapoteza madini na kurudishiwa, na mara nyingi hesabu inalingana. Inaharibika pale ambapo vipindi vya asidi vinakuwa vingi kuliko nafasi ya mate kufanya kazi. Ndiyo maana nikikaa na mgonjwa siulizi kwanza anakula sukari kiasi gani. Nauliza *mara ngapi*. Mtu anayemaliza soda yake na mlo ana nafuu kuliko yule anayeipiga funda moja moja kutoka asubuhi mpaka jioni, hata kama chupa ni ileile.

Sasa dalili ya kwanza. Ni doa jeupe. Sio jeusi wala la kahawia, na haliumi. Linakuwa jeupe kama chaki, limefifia, halina mng'ao, na mara nyingi limejipinda kufuata ukingo wa fizi, mahali ambapo ukoga hukaa.

Namna ya kulitafuta: piga mswaki kwanza, maana ukoga wenyewe unalificha. Simama mbele ya kioo, mwanga utoke pembeni na sio usoni moja kwa moja. Inua mdomo wa juu kwa kidole mpaka uone fizi. Kisha kausha meno kwa kitambaa safi au pamba, usiyaache yalowe mate. Angalia tena. Doa ambalo halikuwepo jino likiwa na mate linaweza kujitokeza likikauka. Sababu ni fizikia tu: enameli nzima inapinda mwanga kwa kipimo cha 1.62, maji 1.33, hewa 1.00. Enameli iliyopoteza madini ina vitundu vidogo sana visivyoonekana. Vikijaa mate, tofauti na enameli ya jirani ni ndogo, macho hayaoni. Vikijaa hewa, tofauti inakuwa kubwa, mwanga unatawanyika, pale panaonekana peupe. Sisi tukikagua tunapuliza hewa kama sekunde tano kwa sababu hiyohiyo.

Faida nyingine ya kukausha: doa linaloonekana likikauka tu ni la juu juu. Linaloonekana hata likiwa na mate limeshazama ndani zaidi. Hapo umepata kipimo cha bure.

Naendelea kesho na mmomonyoko. Maswali karibuni.

#2 Msomaji Kimya

Naweka kiti hapa. Uzi kama huu ndio uliotuleta humu.

#3 Mjuaji Mstaafu

Mkuu Gego, kwa heshima, hapa unawatisha watu. Mimi nina madoa meupe tangu utoto na sijawahi kuoza jino hata moja. Hiyo ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji. Ungeanza kwa kusema kwamba sio kila doa jeupe ni ugonjwa.

#4 Gego la Sita

Hoja nzuri, na nilikuwa naielekea. Ni kweli, sio kila weupe ni kuoza. Muhimu ni *lilipokaa* na *lilivyo*.

Floraidi ikizidi wakati jino linatengenezwa ndani ya taya, yaani utotoni mpaka kama miaka 8, enameli inatoka na kasoro. Meno yanayotengenezwa kipindi kimoja yanapata kipimo kimoja, kwa hiyo madoa yanakuja kwa pacha: kilichopo kwenye jino la kulia kipo na kwenye mwenzake wa kushoto. Yanakuwa mistari myembamba ya mlalo au mawingu yasiyo na mpaka, na yamesambaa jino zima. Yakizidi sana yanageuka kahawia na enameli inapata vishimo. La kuoza halina adabu hiyo. Linakaa ukoga unapokaa: pembeni ya fizi, kwenye mifereji ya magego, katikati ya jino na jino. Na la floraidi jino linachomoza nalo. La kuoza linakuja baadaye. Wewe umesema unayo tangu utoto, basi jibu unalo.

Historia yake inafurahisha kidogo. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya madoa ya kahawia na hakuna anayejua kwa nini. Aliyafuatilia miaka mingi. Akaona jambo la ajabu, kwamba meno hayo mabaya kwa sura yalikuwa magumu kuoza. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill ndiye aliyepima maji na kukuta floraidi. Kwa hiyo kitu kimoja ni dawa na ni kasoro, inategemea kipimo. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Yako maeneo ambayo maji ya ardhini yanaupita ukomo huo kwa asili tu, Bonde la Ufa la Afrika Mashariki likiwa mojawapo ya yanayojulikana zaidi duniani kwa hilo.

#5 Mjuaji Mstaafu

Sawa, nimekuelewa. Ila bado nasema watu wasikimbilie kliniki kwa kila doa.

#6 Mama Pacha

Daktari pole na kazi. Wanangu wana mwaka na nusu, wanalala na chupa ya maziwa. Nimefuata ulivyosema, nimeinua mdomo wa juu wa mmoja wao nikaona kama uzi mweupe juu kabisa, meno manne ya mbele. Chini hakuna kitu, meno ya chini yanang'aa. Nikawa najiuliza kama ni kuoza mbona kuwe juu tu?

#7 Gego la Sita

Dada yangu, hapo umeona kitu ambacho watu wazima wengi hawaoni kwenye vinywa vyao wenyewe. Umeeleza sura ya mwanzo kabisa ya kuoza kwa meno ya watoto wadogo.

Juu tu kwa sababu hii: mtoto akinyonya chupa, ulimi unakuja mbele na kuyafunika meno ya mbele ya chini. Isitoshe mate mengi yanatoka chini ya ulimi, yanayaosha hayohayo. Ya juu hayana mlinzi. Usiku mate yanapungua sana mtu akilala, maziwa yanatuama juu ya meno, bakteria wanakula karamu. Ukiliacha, huo uzi mweupe unakuwa wa njano, halafu kahawia, halafu jino linakatika usawa wa fizi. Kwa meno ya utoto safari hiyo ni ya haraka kwa sababu enameli yake ni nyembamba kuliko ya meno ya ukubwani.

Cha kufanya: chupa ya kulalia iwe na maji matupu, na kama watalia muipunguze maziwa kidogo kidogo kwa maji mpaka yabaki maji. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje moja ya mchele kwa umri huo, na anayepiga awe ni mtu mzima. Mwenzake naye mkague, usiseme huyu hana. Halafu wapelekeni wakapakwe vanishi ya floraidi. Inapakwa kwa brashi dakika chache, hakuna sindano. Yakiwa bado ni meupe na hayajabomoka, nafasi ya kuyaokoa ni kubwa.

#8 Mama Pacha

Ahsante sana daktari. Naenda wiki hii. Dawa za maji za kikohozi nazo zina shida? Maana wanatumia sana.

#9 Gego la Sita

Nyingi zina sukari. Usiziache kama ameandikiwa, ila mpe kabla ya mswaki wa usiku na sio baada yake, au muulize mfamasia kama ipo isiyo na sukari.

#10 Kiungulia Sugu

Mkuu, mimi sina doa wala tundu. Shida yangu ni kwamba meno yamekuwa ya njano na *yanang'aa* sana, kama yamepigwa msasa. Maji ya baridi sinywi tena. Meno ya mbele ukiyaangalia kwa mwanga ncha zake zinapitisha mwanga kama glasi. Nimeambiwa mara zote nipige mswaki vizuri, na mimi napiga kwa nguvu zote baada ya kila mlo.

#11 Gego la Sita

Jina lako limeshanipa nusu ya jibu, kaka. Huu ndio mmomonyoko niliouahidi.

Kwenye kuoza, ishara ni kupoteza mng'ao sehemu moja. Kwenye mmomonyoko ni kinyume, jino linakuwa nyororo kupita kiasi. Enameli ya jino changa ina mistari midogo sana ya mlalo, ukiangalia kwa karibu unaiona kwenye meno ya mbele ya mtoto wa miaka tisa, kumi. Asidi inaifuta. Uso unabaki mtupu, kama wa kioo. Enameli ikipungua, dentini ya chini ambayo kwa asili ni ya njano inaanza kuchungulia, ndiyo hiyo njano yako. Dawa ya kung'arisha haitaiondoa kwa sababu hakuna uchafu wa kuondoa. Ncha za meno ya mbele hazina dentini nyuma yake, zikikonda zinapitisha mwanga. Kwenye magego, pale kwenye vilima vya kutafunia, panatokea vishimo vidogo vya mviringo. Na kama una jino lililozibwa zamani, pitisha ulimi: ukikuta kizibo kimeinuka kuliko jino, sio kizibo kilichoota. Ni jino lililoshuka.

Sasa kumjua mhusika. Chukua kioo kidogo uangalie *nyuma* ya meno ya mbele ya juu, upande unaogusana na ulimi. Pakiwa pamelika zaidi kuliko mbele, asidi inatoka ndani: kiungulia, kutapika mara kwa mara, ujauzito wenye kichefuchefu kikali, na wapo wanaojitapisha kwa siri kwa ajili ya unene, ambao mara nyingine daktari wa meno ndiye wa kwanza kugundua. Pakiwa pamelika zaidi mbele, upande wa mdomo, asidi inatoka kwenye glasi: soda za aina zote ikiwemo zile zisizo na sukari, vinywaji vya kuongeza nguvu, maji ya ndimu, siki.

Asidi ya tumbo ni kali kuliko soda yoyote. Wapo watu ambao inapanda usiku wamelala na wala hawahisi kifua kuwaka, wanaamka tu na uchachu mdomoni na sauti imekwaruza. Kwako wewe mtu wa kwanza ni daktari wa tumbo, mimi wa pili. Nikikuziba leo na kiungulia kinaendelea, tutaonana tena kwa kazi ileile.

Na huo mswaki wa nguvu mara baada ya kula, punguza. Enameli iliyotoka kulowekwa na asidi inakuwa laini kwa muda, ukiisugua unaikwangua. Baada ya kutapika au kupandisha asidi sukutua kwa maji, au maji yenye baking soda kidogo, uyateme. Mswaki uwe laini, na usubiri saa moja hivi.

#12 Mrembo Asilia

Jamani mbona mnahangaika? Ndimu na chumvi, mnasugua mara mbili kwa wiki, meno yanakuwa meupe pee. Mimi natumia na nimewapa watu wengi, hakuna aliyelalamika. Ukitaka zaidi weka na mkaa.

#13 Mwalimu wa Kemia

Dada Mrembo, samahani kwa kuingilia, lakini hapo naomba nisikae kimya.

Kipimo cha pH kinakwenda kwa kumi kumi. Ukishuka hatua moja, asidi imeongezeka mara 10. Mbili, mara 100. Tatu, mara 1,000. Daktari amesema enameli inaanza kuyeyuka kwenye 5.5. Maji ya ndimu yako kwenye 2 na pointi. Yaani unaliweka jino kwenye asidi inayozidi mpaka wa hatari mara elfu moja na ushee. Kisha kabla hata mate hayajafika unaleta chumvi na mkaa, vitu vyenye punje, unasugua pale palipolainika. Bila shaka linakuwa jeupe. Umeondoa tabaka la juu pamoja na madoa yake.

Na hao ambao hawajalalamika, wape muda. Enameli haina neva, haiwezi kuuma. Ukisikia maumivu ujue umeshafika kwenye dentini.

#14 Mrembo Asilia

Mh. Basi nyie wasomi endeleeni.

(Ila ni kweli siku hizi nikinywa kitu cha baridi meno yanapata ganzi. Ni hiyo?)

#15 Gego la Sita

Mwalimu kamaliza, sina la kuongeza kwenye kemia. Dada Mrembo, inawezekana kabisa ndiyo hiyo. Dentini ina mirija midogo yenye majimaji. Ikifunuliwa, baridi inayasogeza yale majimaji na neva inashtuka. Acha ndimu na mkaa, tumia dawa ya meno ya wenye meno ya ganzi kwa wiki kadhaa, usisukutue kwa maji baada ya mswaki, tema tu. Ikiendelea kaonwe, kwa sababu jino lenye ufa au fizi zilizorudi nyuma nazo zinaleta dalili hiyohiyo.

#16 Mzee wa Presha

Vijana, hamjambo. Mimi nimekula chumvi nyingi, meno yangu yalikuwa imara hadi nilipoanza vidonge vya presha na vya usingizi. Sasa yanaharibika kwa kasi, tena chini kabisa karibu na fizi. Sukari situmii. Mnasemaje?

#17 Gego la Sita

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikuulize: usiku unaamka kutafuta maji? Chakula kikavu kinakwama bila kushushia na kinywaji?

#18 Mzee wa Presha

Marahaba. Vyote viwili, na ulimi unanata.

#19 Gego la Sita

Basi ni mate, mzee. Dawa nyingi zinakausha mdomo: baadhi ya za presha, za usingizi, za msongo wa mawazo, za mzio. Mate yakipungua hakuna wa kuituliza asidi wala wa kurudisha madini, na meno yaliyokaa salama miaka hamsini yanaanza kuharibika kwa pamoja. Na pale karibu na fizi ndipo panapotangulia: enameli imekwisha, na kama fizi imeshuka basi mzizi uko wazi. Mzizi hauna enameli, unaanza kuyeyuka mapema zaidi, kwenye pH ya 6 na kitu.

Vidonge usiviache hata kimoja. Nenda kwa aliyekuandikia umweleze mdomo unakauka, mara nyingi ipo dawa nyingine au saa nyingine ya kumeza. Kwa sasa piga funda la maji mara kwa mara, tafuna jojo isiyo na sukari ili mate yatoke, na pipi za kulainisha mdomo ziepuke kama zina sukari. Mwombe daktari wa meno dawa yenye floraidi ya juu zaidi ya ile ya kawaida.

#20 Fundi Saa

Mimi nina dukuduku. Nilikwenda kliniki moja kwa uchunguzi tu, jino lilikuwa na doa jeupe, halina tundu. Daktari akachukua kile chuma chenye ncha kali akachokoa, akakandamiza, nikasikia "tik". Akaniambia hapa pana tundu, tuzibe. Mimi nasema tundu kalitoboa yeye. Nabisha?

#21 Gego la Sita

Nimesita kidogo kujibu kwa sababu ni watu wa fani yangu, lakini hubishi bure.

Doa jeupe haliliki kuanzia juu kama watu wanavyodhani. Asidi inapenya na kuyeyusha madini *chini* ya uso, na uso wenyewe unabaki na ngozi nyembamba yenye madini mengi, kwa sababu hapo ndipo mate na floraidi vinafika kwanza. Ngozi hiyo ikiwa nzima, kalsiamu inaweza kupita na kurudi ndani, doa likapoa. Ukilikandamiza kwa ncha kali, ngozi inapasuka na sehemu iliyokuwa na nafasi ya kupona inakuwa kishimo cha kukaribisha ukoga. Ndiyo maana siku hizi tunafundishwa kukausha, kuangalia, na kama ni lazima kugusa, basi kwa kifaa chenye kichwa cha mviringo kinachopitishwa polepole bila kukandamiza.

Na huko kupitisha kunasema mengi. Doa linalokwaruza, limefifia, lina ukoga juu yake: linaendelea. Doa ambalo ni nyororo, gumu, linang'aa: limesimama. Watu wananiletea doa la kahawia linalong'aa wakiwa na hofu kuu, wakati karibu yake lipo jeupe la chaki ambalo hawana habari nalo. Mimi naliogopa jeupe. Lile la kahawia mara nyingi ni kovu la vita vilivyokwisha, limenyonya rangi ya chai na kahawa.

Sisemi madaktari wote wanaochokoa wana nia mbaya, wengi walifundishwa hivyo, na kwa macho ya zamani ndio ulikuwa uchunguzi makini. Ukikaa kwenye kiti una haki ya kusema: daktari, naomba uangalie kwanza kwa kukausha. Na ukiambiwa "tuzibe", uliza: uso umebomoka au bado mzima? Kama mzima, uliza kwa nini tusijaribu floraidi tuangalie tena baada ya miezi michache. Kati ya jino na jino ambako macho hayafiki, picha ya eksirei ndiyo inayoamua.

#22 Fundi Saa

Nimeridhika. Nilifikiri nitaambiwa mimi sio msomi.

#23 Binti wa Vyuma

Kaka Gego, nimefunga vyuma vya kunyoosha meno. Nawaona wenzangu wakivitoa wanabaki na alama nyeupe za mraba. Hizo ndizo hizohizo?

#24 Gego la Sita

Ndizo, mdogo wangu. Ukoga unazunguka kile kibati, chini yake enameli imefunikwa na gundi haiguswi, kwa hiyo inabaki fremu nyeupe. Zinaweza kuanza kuonekana ndani ya wiki nne tu kama pale hapasafishwi. Brashi ndogo ya kupenya chini ya waya, floraidi kila siku, soda weka pembeni mpaka vitoke. Zikibaki baada ya kutoa, usikimbilie kuzing'arisha. Zipe mate na floraidi miezi kadhaa, nyingi hufifia. Zinazogoma ipo njia ya kuingiza utomvu maalumu ndani ya vile vitundu, mwanga ukipita doa halionekani tena.

#25 Msagaji

Na sisi tunaosaga meno usiku?

#26 Gego la Sita

Huko ni kuchakaa, sio kuyeyuka. Utaona meno yamekatika bapa, na jino la juu ukilisogeza linakaa juu ya la chini sawasawa kama vipande vya kitu kimoja. Asubuhi taya zinauma. Kinga ya plastiki ya usiku inasaidia. Kama magego yana vishimo vya mviringo ambavyo jino la upande wa pili haliingii, basi na asidi imo.

Wanaopata mfereji wa umbo la V karibu na fizi, hasa upande mmoja, mimi huanza kuuangalia mkono wanaoshikia mswaki.

#27 Baba Wawili

Mkuu, la kwangu halifanani na yote hayo. Binti yangu ana miaka saba. Gego jipya nyuma kabisa limetoka likiwa na baka la njano, kama jibini, lina mpaka kabisa, upande huu njano upande huu jeupe safi. Analia akipigwa mswaki pale. Juzi kona imemeguka akila mkate. Mkate! Kliniki wametuambia hatumsafishi meno. Mke wangu amelia. Tunamsafisha.

#28 Gego la Sita

Baba, mwambie mama asilie. Kwa maelezo hayo sidhani kama mmekosea popote.

Hilo ni gego la kwanza la ukubwani, la sita ukihesabu kutoka katikati, ndilo nililojipa jina. Linaanza kutengenezwa mtoto anapozaliwa na ganda lake linakamilika kwenye miaka mitatu hivi. Wakati huo kukitokea kitu cha kuzivuruga seli, kama magonjwa makali ya utotoni au matatizo wakati wa kuzaliwa, na pengine urithi, enameli inatoka na unene wa kawaida lakini madini pungufu. Hali hii ilipewa jina lake rasmi, molar incisor hypomineralisation (MIH), mwaka 2001. Inayapata magego ya kwanza na mara nyingi meno ya mbele. Baka lina mpaka dhahiri, linaweza kuwa kwenye gego moja na la upande wa pili likawa zima, hapo ndipo linapotofautiana na floraidi. Njano na kahawia ni dhaifu kuliko nyeupe. Linameguka kwa kutafuna tu, halafu likishameguka linaoza haraka, ndiyo maana wengi wanalisoma kama uchafu.

Mkague meno ya mbele, juu na chini, kama kuna baka la krimu au la njano. Kisha tafuta daktari wa meno ya watoto, mweleze limechomoza likiwa hivyo, na kama mna picha za simu za wakati linatoka mpelekee. Asipige mswaki kwa maji ya baridi, tumia ya uvuguvugu na mswaki laini. Ataanza na vanishi na kizibo cha muda kinachotoa floraidi. Likiendelea kumeguka kuna kofia ya chuma inayolifunika lote. Mwambieni mapema kwamba jino linamuuma hata likiguswa, kwa sababu meno haya hugoma kupata ganzi ya sindano na mtoto akiumizwa siku ya kwanza hatarudi kwenye kile kiti.

#29 Baba Wawili

Nimeangalia sasa hivi kwa tochi. La mbele juu kushoto lina baka la krimu, dogo. Tulidhani ni alama tu.

#30 Gego la Sita

Basi ndilo. Magego mengine matatu ya umri huo, kama hayajatoka yote, yaangalieni kila wiki yanapochomoza. Yakionyesha njano pelekeni yangali machanga, kabla hayajaanza kutafuna.